Kujenga Msamiati wa Kiingereza katika Shule za Sekondari za Kanda ya Kati

Mwanafunzi anayeingia Kidato cha Kwanza katika shule ya kata huko Mvumi, Bahi au Kibaigwa huwa amekwisha kuwa mtu wa lugha mbili. Nyumbani kuna Kigogo. Ukisogea Kondoa kuna Kirangi na Kiburunge, upande wa Chemba kuna Kisandawe na vidoko vyake, na ukivuka kwenda Singida kuna Kinyaturu na Kinyiramba. Kiswahili amekitumia darasani miaka saba. Amekifanyia hesabu, amekifanyia mitihani. Kiingereza kilikuwa somo, kipindi kimoja kati ya vipindi vya siku. Baada ya likizo ya Desemba mambo yanageuka juu chini: Biolojia, Jiografia, Historia, Fizikia na Hisabati, vyote kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho kinachobaki somo. Wiki za mwanzo hutengwa kwa kozi ya kumvusha, kisha vitabu vinafunguliwa.

Tangu siku hiyo anadaiwa misamiati miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni ule ambao mtoto wa London huja nao shuleni kutoka jikoni kwa mama yake: maneno kama "fetch", "shelf", "almost", "instead", "allow". Wa pili ni wa vitabuni, ambao hata huyo mtoto wa London hufundishwa na mwalimu. Shule zetu hufundisha huu wa pili kana kwamba wa kwanza upo. Kitabu cha Biolojia hueleza "stomata" kwa kirefu, kwa picha yenye mishale, lakini hakielezi "tiny" wala "through" katika sentensi inayosema kwamba hewa hupita kwenye vitundu hivyo vidogo. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: mwanafunzi anaweza kuandika "stomata" bila kosa la tahajia na asiweze kusema jambo lolote kuihusu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia, tangu ripoti ya Tume ya Makweta ya 1982 hadi Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ni mada inayojitegemea. Aliye darasani leo hawezi kuusubiri uishe.

Swali la kwanza ni la hesabu: maneno mangapi? Michael West, Mwingereza aliyefundisha huko Bengal, India, wakati wa ukoloni, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno ya msingi yapatayo 2,000. Neno katika hesabu ya namna hii ni ukoo mzima, kwa hiyo "act", "action", "active" na "actor" ni ukoo mmoja. Koo hizo 2,000 hubeba takribani maneno manane katika kila kumi ya maandishi ya kitaaluma. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza orodha ya koo 570 zinazorudiarudia katika vitabu vya masomo ya kila aina, kama "analyse", "factor", "region", "source" na "vary". Hizo hubeba takribani neno moja zaidi katika kila kumi. Mwenzake Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kuwa kusoma riwaya au gazeti bila kushika kamusi kunahitaji koo 8,000 hadi 9,000.

Idadi hiyo ya mwisho isimtishe mtu. Koo 2,570 za orodha mbili za mwanzo zinatosha kumfikisha mwanafunzi kwenye takribani maneno tisa kati ya kumi ya ukurasa wa kitabu chake, na mengi ya yanayobaki ni istilahi za somo ambazo kitabu chenyewe hueleza. Ukizigawa kwa siku za masomo za miaka minne, takribani 190 kwa mwaka, ni koo tatu na kitu kwa siku. Mzigo huo unabebeka. Kinachoushinda ni uchaguzi mbaya. Katika midahalo ya shule anayeshangiliwa ni mwenye maneno mazito, na daftari la msamiati hujaa "flabbergasted" na "ubiquitous" kabla mwenyewe hajajua kutofautisha "although" na "because". Neno zito lina utamu wake, hakuna wa kulikataza. Ila anayelikusanya kabla ya maneno ya kazi ni kama aliyenunua mapazia kabla ya kuezeka.

Swali la pili ni gumu zaidi: kulijua neno ni kujua nini? Daftari la kawaida lina safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kana kwamba kila neno la huku lina mwenzake mmoja wa kule. Kitenzi "piga" kinatosha kuonyesha kwamba sivyo. Kwa Kiswahili hupigwa simu, picha, pasi, deki, mswaki, kelele, hodi na kura. Kiingereza kina kitenzi chake kwa kila kimoja: picha ni "take", hodi ni "knock", kura ni "vote", pasi na deki ni "iron" na "mop". Kamusi ikimwambia mwanafunzi kuwa "piga" ni "beat", naye akaifuata kwa utiifu, ataipiga picha mpaka ilie. "Sikia" nacho ni hivyo hivyo. Mswahili husikia sauti, husikia harufu, husikia baridi na husikia njaa. Mwingereza huitumia "hear" kwa sauti tu. Harufu ni "smell", baridi na njaa ni "feel". Mwanafunzi anayeandika "I am hearing cold" ana sarufi inayoeleweka na neno ambalo kamusi yake imelithibitisha. Kosa limo katika kujifunza neno pweke. Neno likiandikwa daftarini na jirani yake, "take a photograph", "feel cold", "cast a vote", linakuja na matumizi yake ndani.

Pana eneo jingine la makosa ambalo walimu wengi hulisahihisha bila kulieleza. Kiswahili kina kiambishi cha kusababisha, na kwa hicho hutoa maneno mawili katika mzizi mmoja: kopa na kopesha, kumbuka na kumbusha, ona na onyesha, kula na lisha. Kiingereza mara nyingi hutumia mizizi tofauti: "borrow" na "lend", "remember" na "remind", "see" na "show", "eat" na "feed". Mwanafunzi aliyezoea kuona undugu kati ya kopa na kopesha hutegemea "borrow" ifanye kazi zote mbili, na ndipo "he borrowed me his pen" inapozaliwa. Kuna na kinyume chake: rudi na rudisha ni maneno mawili kwetu, na Kiingereza huyatosheleza yote kwa "return". Jozi kama hizi si nyingi katika msamiati wa msingi. Zikiandikwa jozi kwa jozi kwenye karatasi moja ya manila na kubandikwa ukutani, Kidato cha Kwanza kizima kinaweza kuzimaliza kwa muhula mmoja.

Wakati mwingine Kiswahili ndicho chenye maneno mengi. "Rice" ni mpunga shambani, mchele dukani na wali sahanini. "Uncle" ni mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na insha kuhusu ukoo humpa taabu mtoto anayeona kwamba Kiingereza kimewachanganya watu wasiochanganyika. Katika nafaka za Ugogo mtama ni "sorghum", lakini uwele na ulezi vyote huitwa "millet" na hutenganishwa kwa neno la mbele: uwele ni "pearl millet", ulezi ni "finger millet". Mwanafunzi wa Chamwino ambaye chakula chake cha kila jioni ni ugali wa uwele ana haki ya kulijua jina hilo kabla ya "wheat" na "barley".

Upande wa pili kuna akiba ambayo haihesabiwi. Kiswahili kimekopa Kiingereza kwa zaidi ya karne moja, na mtoto ambaye hajasoma somo hata moja la Kiingereza tayari anatumia shati, soksi, baiskeli, benki, ofisi, tiketi, injini, treni na stesheni. Njia ya kuzitumia akiba hizi ni kuzisema kwa sauti kwa sura zote mbili, maana tofauti ya matamshi ina utaratibu: Kiswahili huongeza irabu mwishoni na mara nyingi huvunja konsonanti zilizobanana. Anayeona jinsi "ticket" ilivyokuwa tiketi na "bank" ilivyokuwa benki atakisia nyingine mwenyewe.

Lakini akiba hii ina sarafu bandia. Shule si neno la Kiingereza lililogeuzwa. Limetoka Kijerumani, enzi zile zile za Wajerumani ambapo reli ya kati ilifika Dodoma, mwaka 1910. Hoteli ya kando ya barabara yenye wali, maharage na chapati haiitwi "hotel" na Mwingereza, maana kwake humo hulalwa. Ya kula ni "restaurant". Kipilefti kimetokana na kibao cha "keep left", lakini mzunguko wenyewe huitwa "roundabout". Foleni hutajwa kuwa imetokana na amri ya kijeshi ya "fall in". Ya watu dirishani ni "queue", ya magari ni "traffic jam". Maneno ya namna hii yanastahili ukurasa wake wa pekee mwishoni mwa daftari, na wanafunzi huufurahia kuliko kurasa nyingine zote.

Istilahi za sayansi huogopwa kwa urefu wake, na kwa kweli ndizo rahisi kuliko zote, kwa sababu zimejengwa kwa vipande vinavyorudi. "Photosynthesis" ni Kigiriki: nuru na kuunganisha. Kiswahili kilifuata njia ile ile kilipounda usanisinuru, yaani usanisi na nuru, na kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) mwaka 1990 imejaa maneno ya ujenzi huo. "Thermometer" ni kipimajoto, kipande kwa kipande. Anayejua kuwa "geo" ni ardhi, "bio" uhai, "hydro" maji na "vore" mla, ana ufunguo wa "geology", "biology", "hydroelectric", "herbivore" na "carnivore". Vipande kama thelathini hivi vinafungua sehemu kubwa ya istilahi za Biolojia na Jiografia za kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu wa Biolojia anayetumia dakika tano kuvunja neno vipande ubaoni anafundisha Kiingereza kuliko kipindi kizima cha kunakili maana.

Hapa unyambulishaji wa Kiswahili ni daraja ambalo halitumiki vya kutosha. Mwanafunzi hahitaji kuambiwa kwamba msomaji, usomaji, somo, kisomo, someka na somesha ni ukoo; anaujua tangu akiwa mdogo. Aonyeshwe tu kwamba "er" ya "reader" hufanya kazi ya m-ji katika msomaji, na "able" ya "readable" hukaribiana na -eka ya someka. Pazuri zaidi ni "un". Kiswahili kina kiambishi cha kutengua kitendo: funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua. Kiingereza husema "lock" na "unlock", "fold" na "unfold", "block" na "unblock". Lakini "un" ya "unhappy" haitengui kitu. Hiyo ni ya kukanusha hali, sawa na "asiye na". Ukizitenganisha hizi mbili kwa mifano ya Kiswahili, mwanafunzi haulizi tena kwa nini "unhappy" si kitendo cha kuiondoa furaha.

Maneno hushika haraka yakiwa na mahali pa kukaa, na uwanda wa kati una mahali tele. Kondoa peke yake inatosha kwa sura nzima ya Jiografia. Mmomonyoko wa udongo katika Kondoa Irangi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Humo mna "soil erosion", "gully", "overgrazing", "destocking", "contour" na "terrace", na korongo la kuonyeshwa kwa kidole liko nyuma ya shule. Wilayani humo humo, Kolo, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006: "rock shelter", "pigment", "hunter", "antelope". Kongwa kuna mpango wa karanga wa Waingereza wa baada ya Vita Kuu ya Pili, ulioachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, nao unafundisha "scheme", "clearing", "machinery", "yield" na "loss" kwa pamoja, tena kwa kisa ambacho mabibi na mababu wa Kongwa bado wana la kusimulia. Mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora yana "vine", "prune", "bunch" na "harvest". Na kwa nchi ya mvua moja kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, kutofautisha kiangazi na ukame, "dry season" na "drought", ni jambo la maisha: cha kwanza huja kila mwaka, cha pili ni mvua iliyokosa kuja.

Kukumbuka kuna kanuni zake. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilichokaririwa hupotea ndani ya siku ya kwanza, kisha upotevu hupungua kasi. Anayekariri maneno hamsini usiku wa kuamkia jaribio atayapata asubuhi na kuyakosa wiki ijayo. Dawa ni kurudia kwa nafasi zinazopanuka: kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Mwandishi wa habari wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliieneza njia hiyo mwaka 1972 kwa kisanduku chenye vyumba. Kwa shule isiyo na umeme wa uhakika hakuna teknolojia bora zaidi. Manila moja hukatwa kadi nyingi. Upande mmoja huandikwa neno na jirani yake, upande wa pili sentensi ya mwanafunzi mwenyewe na maana. Boksi la viatu hugawanywa vyumba vinne kwa vipande vya boksi lenyewe. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogea chumba cha mbele na kupumzishwa zaidi. Iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mwisho. Dakika kumi za muda wa kujisomea zinatosha.

Kadi, hata hivyo, hazitoshi. Neno linahitaji kukutwa njiani, likiwa kazini, mara nyingi, na njia ya bei nafuu ni kusoma vitabu vyepesi kwa wingi. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walichunguza Kiingereza cha shule za Tanzania, wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kusoma vitabu vya masomo yao; mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofuata kwa msaada wa Uingereza uliweka uzito kwenye vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Vitabu vya Richard Mabala kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer, vinavyofahamika sana katika vidato vya mwanzo, vina lugha nyepesi na mandhari ya hapa hapa. Tatizo ni matumizi. Kitabu cha kurasa chache huburuzwa muhula mzima, au hakisomwi kabisa: mwanafunzi hununua muhtasari wake, hukariri majina ya wahusika na dhamira, na kuingia mtihanini akiwa hajakutana na sentensi hata moja ya mwandishi.

Kipimo cha kitabu kinachofaa ni rahisi. Watafiti husema msomaji husoma kwa raha akiwa anajua maneno 98 katika kila 100. Kwenye ukurasa wa maneno 250 hayo ni maneno matano yasiyojulikana, yaani vidole vya mkono mmoja. Vidole vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu kirudishwe rafuni kichukuliwe chepesi zaidi, bila aibu. Kamusi nayo ina zamu yake: neno likikutwa mara ya kwanza likisiwe, likirudi mara ya tatu litafutwe. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka mwaka 1996, inatosha kwa kazi hiyo, mradi mtumiaji asome na mifano, asiishie kwenye maana ya kwanza.

Kuhusu vibao vya "Speak English" na "No English, no service" vilivyotundikwa kwenye milango ya ofisi za shule nyingi, nia yake inajulikana. Lakini mwenye maneno 400 hawezi kuyazidisha kwa amri. Hunyamaza, au hurudia sentensi zile zile tatu za kuomba ruhusa. Kibao cha aina hiyo kingefaa zaidi kama chini yake pangekuwa na sentensi kumi za kuombea chaki, kuelezea ugonjwa na kuulizia ada, zikibadilishwa kila Jumatatu.

Mwisho wa safari hii ni chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne, na humo kuna kundi dogo la maneno lenye uzito kuliko istilahi zote: vitenzi vya maswali. "State" hutaka jambo litajwe, sentensi moja inatosha. "Describe" hutaka sura ya kitu au hatua zake. "Explain" hutaka namna au sababu iliyofafanuliwa. "Differentiate" hutaka vitu viwili vikabilishwe hoja kwa hoja. Kueleza kimoja hadi mwisho na kingine baadaye si jibu kamili. "Show the validity of", inayopendwa katika Historia, humtaka mtahiniwa aonyeshe kwa hoja kwamba kauli aliyopewa ni ya kweli. Na "account for" haina uhusiano na akaunti ya benki: maana yake ni toa sababu. Swali likisema "account for the formation of gullies in Kondoa", mtoto aliyezaliwa kando ya korongo, anayejua kina chake na mwaka lilipomeza shamba la jirani, anaweza kujaza kurasa mbili kwa kulieleza lilivyo na asipate alama nyingi. Alichoulizwa ni mifugo iliyozidi, miti iliyokatwa, mteremko, na mvua kali inayokuta udongo mtupu.